Mshahara wa mwalimu na pundamilia wa Upemba: maswali ya wasomaji

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure mwaka 2019, darasa langu limejaa hata watoto wengine wanakaa chini, na mshahara wangu mara nyingi huchelewa. Hivi karibuni nilimsikia mkubwa mmoja redioni akisema kwamba serikali inapaswa kutenga fedha zaidi kwa hifadhi za Upemba na Kundelungu, ili tembo na pundamilia waliobaki wasiangamie. Je, ni haki kwa nchi ambayo haijaweza kumpatia mtoto dawati kutumia fedha za umma kwa ajili ya wanyama ambao mimi sijawahi kuwaona, na ambao wanafunzi wangu huenda wasiwaone kamwe? Nauliza kwa moyo safi. Wanyama nawapenda, lakini watoto nawapenda zaidi.

Mwalimu wa Katuba

JIBU

Mama Mwalimu, swali lako ni la haki, na wanaopanga fedha za nchi hii wangepaswa kuulizwa swali hilo kila mwaka kabla bajeti haijapigiwa kura. Nitakujibu waziwazi: naam, serikali inapaswa kutumia fedha za umma kuhifadhi wanyamapori, hata wakati huu ambapo madawati hayatoshi. Hata hivyo, sababu ninazoziamini si zile zinazosikika redioni, na kuna mambo ambayo fedha hizo zisipoyagusa, mimi nitakuwa wa kwanza kusema kwamba zimetumika vibaya.

Niziweke kando kwanza sababu ambazo sizitegemei. Husemwa kwamba watalii watakuja na dola zao. Upemba haina sokwe wa milimani kama hifadhi ya Virunga huko Kivu. Makao yake makuu yako Lusinga, katika wilaya ya Mitwaba, ambako barabara wakati wa mvua haipitiki kwa kila gari, na ambako watu wa Katanga kwa miaka mingi waliogopa kwenda kwa sababu ya vita vya wanamgambo wa Mai-Mai katika eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, kati ya Mitwaba, Manono na Pweto. Kundelungu ina maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300, na bado wageni ni wachache. Husemwa tena kwamba wanyama ni urithi wa dunia nzima. Huenda ni kweli, lakini dunia nzima haimlipi mwalimu wa Katuba, na sioni kwa nini yeye aombwe kujinyima kwa ajili yake.

Sababu ya kwanza ninayoiamini ni kwamba gharama ya kuhifadhi inalipwa tayari, tena inalipwa na watu wasio na kitu. Upemba ilianzishwa mwaka 1939 na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, na leo eneo lake ni kilomita za mraba 11,730. Ardhi ya ukubwa huo haikuwa tupu. Walikuwepo wawindaji, wavuvi, wakulima na machifu wenye mipaka yao, na tangu siku mstari ulipochorwa kwenye ramani, wao ndio waliokosa mahali pa kuwinda, pa kukata nguzo za nyumba na pa kufungua shamba jipya udongo wa zamani ulipochoka. Tembo akivuka mstari huo usiku na kula mahindi, hasara haiendi Kinshasa, wala haiji Lubumbashi. Inabaki kwa mwenye shamba. Kwa hiyo serikali inaposema haina fedha za uhifadhi, haijaifuta gharama hiyo hata kidogo. Imewaachia wanakijiji wa Mitwaba waibebe peke yao, bila kuwauliza na bila kuwaandikia risiti. Ukiniuliza haki iko wapi, nitakuambia kwamba ni vyema mzigo huo ugawanywe kwa taifa zima, pamoja na sisi wa mjini, kuliko kuachwa pale ulipo sasa.

Na sisi wa mjini tunahusika kuliko tunavyopenda kukiri. Umeme unapokatika, na hukatika sana, chakula cha komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi hupikwa kwenye mbabula, yaani jiko la makala (mkaa). Simama asubuhi kando ya barabara inayotoka Kasenga, utawaona wanaume wakisukuma baiskeli zilizofungwa magunia ya makala kwa kamba za mpira, magunia matatu au manne, mmoja akishika usukani huku mwenzake akisukuma kwa nyuma, kwa kuwa baiskeli yenyewe haipandiki tena. Hawa si maadui wa msitu. Ni watu wanaotuletea moto wa kupikia bukari, ugali wetu. Lakini miti hiyo ni ya msitu wa miombo, ambao umezidi kurudi nyuma mbali na Lubumbashi mwaka hadi mwaka, na pamoja nao umerudi nyuma uyoga wa mwanzo wa mvua, asali, na viwavi ambao mama zetu huwanunua sokoni kwa vikombe. Mlinzi mwenye bunduki aliyesimama Lusinga hawezi kulizuia hilo. Nishati mbadala kwa jiji la Lubumbashi ni kazi ya uhifadhi, ingawa haina picha ya pundamilia.

Nikupe mfano mwingine ulio karibu na sahani yako. Katika soko la Kenya, na katika soko la Mzee Kabila pia, kuna akina mama wanaouza samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Kikondja na Bukama. Samaki hao wanatoka katika maziwa ya bonde la Upemba, likiwemo ziwa Kisale, na maziwa hayo hulishwa na mto Lualaba, na mto Lufira, na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Kibara, ndani ya hifadhi. Nyasi za mabwawa hayo ndizo kitalu cha samaki wachanga. Bonde la Lufira liliandikishwa mwaka 2017 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini mwanamke anayepanga samaki kwenye kikapu chake haihitaji orodha hiyo ili kujua mwaka ambao samaki wamepungua, bei humwambia.

Tunalo pia funzo kutoka kaskazini. Katika ziwa Edward, ndani ya Virunga, viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970, wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, baada ya miaka mingi ya vita na ya kuuawa kwa ajili ya nyama na meno, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, maji hayo huotesha vijimea vidogo, na vijimea hivyo ndivyo chakula cha tilapia. Wavuvi wa Vitshumbi walipolalamika kwamba nyavu zinatoka zikiwa nyepesi, lawama iliwaangukia wavuvi haramu, na kwa haki; lakini mauaji ya viboko nayo yalikuwa yamewanyang'anya kitu. Pale, mnyama na mlo wa mtoto vilikuwa jambo moja.

Sasa nije kwenye fedha zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo swali lako linapouma. Unaogopa kwamba faranga inayokwenda Lusinga imetolewa kwenye bahasha ya mwalimu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazoendesha hifadhi zetu haitoki katika hazina ya taifa. Tangu mwaka 2017, Upemba na Kundelungu zinaendeshwa na Taasisi ya Kongo ya Kuhifadhi Mazingira, ICCN, kwa ushirikiano na shirika la Forgotten Parks. Virunga kwa miaka mingi imesaidiwa na Umoja wa Ulaya. Kahuzi-Biega imesaidiwa na Ujerumani tangu miaka ya 1980. Ukizifunga hifadhi zote leo, hutapata rundo la faranga la kuwagawia walimu. Utapata ardhi isiyo na mwenyewe, na watakaowahi kufika huko hawatakuwa walimu.

Wewe unaijua primu, ile nyongeza ya mshahara, kuliko mimi. Kabla ya mwaka 2019, wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu primu, na mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani. Kila mtu aliona matokeo yake: mwalimu alikuwa mtumishi wa serikali kwa jina, lakini riziki yake ilitoka kwa mwingine, na shule ilimsikiliza yule aliyetoa. Walinzi wa hifadhi wako katika hali hiyo hadi leo. Mshahara wa serikali ni mdogo, na kinachowalisha watoto wao ni primu ya mfadhili. Hawa ni watu wanaokufa kazini. Mwezi Aprili mwaka 2020, karibu na Rumangabo huko Virunga, walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva wao na raia wanne. Mtu anayebeba hatari ya namna hiyo kwa niaba ya taifa anapaswa kulipwa na taifa, na kuwajibika kwa taifa pia anapomdhulumu mwanakijiji. Ukimwachia mgeni alipe, usishangae mwanakijiji akikosa mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Hii ndiyo sababu yangu ya pili, nayo naiona kuwa nzito kuliko zote: asiyelipa haamui. Mwezi Julai mwaka 2022 serikali yetu ilitangaza kuuza kwa mnada vitalu vya mafuta, na baadhi yake viliingia ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, Virunga ikiwemo. Mwezi Oktoba mwaka 2024 mnada huo ulifutwa. Katika miaka hiyo miwili, sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za Ulaya na Marekani upande mmoja, na za wizara ya Kinshasa upande wa pili. Na hapa kwetu kuna mradi wa bwawa la umeme la Sombwe kwenye mto Lufira, ambao wahifadhi wanaupinga wakisema unaingia ndani ya Upemba, huku wengine wakisema jimbo linahitaji umeme huo. Mimi sitaki jambo hilo liamuliwe na mfadhili wala na mwekezaji. Nataka liamuliwe na Wakongo, mbele ya Wakongo, kwa hesabu zilizo wazi. Taifa lisilotoa faranga yake haliwezi kudai kiti cha mbele katika mazungumzo hayo.

Utaniuliza faranga hiyo itoke wapi. Itoke kwenye shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi Machi mwaka 2018 inaitoza shaba mrabaha wa asilimia 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa miji, komini, sekta au utawala wa kichifu mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tafadhali soma tena fungu hilo la mwisho. Tumekwisha kuandika katika sheria kwamba shaba itakwisha, na kwamba waliozaliwa baadaye wanadai sehemu yao. Migodi hiyo hiyo imefyeka miombo na kuchafua mito, ya Lufira ikiwa miongoni mwake. Sioni matumizi halali zaidi ya sehemu ya mrabaha huu kuliko kulinda chemchemi na misitu itakayobaki baada ya mashimo kuachwa matupu. Pembeni niseme hivi: wakazi wengi wa Katanga hawajui kwamba komini yenye mgodi inapokea asilimia 15, na hawajawahi kuonyeshwa fedha hizo zilifanya nini. Dawati la mwanafunzi wako lingeweza kutafutwa hapo kabla ya kutafutwa kwenye bajeti ya pundamilia.

Katiba ya mwaka 2006 haikuziweka haki hizi mbili zishindane. Ibara ya 43 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Ibara ya 53 inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, ana wajibu wa kuyatetea, na serikali inayasimamia. Serikali ikikuambia kwamba imeshindwa ya 43 kwa sababu ya ya 53, usikubali, kwa sababu pesa zinazopotea katika nchi hii hazipotelei Lusinga.

Kuhusu wanafunzi wako ambao hawatawaona wanyama hao: Upemba ndimo walimobaki pundamilia wa mwisho wa nchi nzima. Kuna pia swala wa majini wa jamii ya kuro, lechwe wa Upemba, ambaye wataalamu walimtenga kama aina ya pekee mwaka 2005. Anaishi katika mabwawa ya bonde la Upemba peke yake duniani, na waliobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Ningefurahi kama sehemu ya fedha za umma ingetumika kuwapeleka watoto wa Katuba kuwaona angalau wanyama wa Kundelungu, ambako ni karibu zaidi. Raia anawezaje kukubali kulipia kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa? Hapo nakubaliana nawe kabisa.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naishi Likasi. Kaka Mhariri, kwa nini tusiwaache wafadhili na watalii walipe? Rwanda inapata fedha nyingi kutokana na sokwe. Wazungu wakitaka wanyama wabaki, walipie wao.

Mwanafunzi wa Likasi

JIBU

Mdogo wangu, Rwanda inafanya vizuri, na tusione haya kujifunza kwake. Tangu mwaka 2017 mgeni hulipa dola 1,500 kuwaona sokwe wa milimani kwa saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nazo. Lakini angalia kilichotangulia mapato hayo: barabara nzuri, usalama, na walinzi wanaolipwa. Serikali iliweka fedha kwanza, watalii wakafuata. Hakuna mtalii aliyetengeneza barabara ya kumfikisha kwenye sokwe.

Utalii pia ni riziki isiyotabirika. Virunga ilifungwa kwa wageni mwezi Mei mwaka 2018 baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa, ikafunguliwa mwaka 2019, ikafungwa tena mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia. Katika miezi hiyo wawindaji haramu hawakufunga kazi. Hata nchi zenye amani, kama Kenya na Tanzania, ziliona mwaka huo jinsi mapato ya milangoni yanavyoweza kukauka ghafla wakati simba na tembo wanahitaji ulinzi ule ule.

Ama wafadhili, wanabadilika kulingana na uchaguzi wa kwao. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisaidia misitu ya Afrika ya Kati tangu mwaka 1995 kupitia mpango wa CARPE. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha karibu misaada yake yote, na kazi zilizokuwa zikiendelea katika misitu yetu zikakatika njiani. Sina hasira na Wamarekani kwa hilo, fedha ni zao. Hasira yangu iko kwetu, tulioacha kazi ya taifa itegemee kura zinazopigwa mbali na hapa.

Sisemi tukatae msaada. Bwawa la Matebe, linalopeleka umeme hadi Goma tangu miaka ya mwisho ya 2010, lilijengwa na hifadhi ya Virunga kwa fedha za nje, na watu wanasaga unga kwa umeme huo. Nasema mfadhili aongeze juu ya kile tulichoweka sisi.

SWALI

Mhariri mpendwa, mimi nalima mahindi na mihogo katika kijiji kimoja cha Mitwaba. Mwaka jana tembo waliingia shambani kwangu mara mbili, wakamaliza mahindi yote yaliyokuwa karibu kukomaa. Nilikwenda katika ofisi moja kuuliza fidia, nikaambiwa hakuna fungu la jambo hilo. Mnapoandika kuhusu fedha za uhifadhi, sisi tumo humo au hatumo?

Mkulima wa Mitwaba

JIBU

Papa, pole sana kwa hasara hiyo. Ningependa barua yako isomwe na kila mwenye mamlaka ya kusaini bajeti, kwa sababu ndani ya mistari michache umeonyesha mahali ambapo faranga ya kwanza ya uhifadhi inapaswa kwenda. Kabla ya magari mapya na kabla ya semina za Lubumbashi, ianze na shamba lako.

Wengine wamejaribu, na majaribio yao yana mafunzo. Uganda imeweka katika sheria kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa wilaya zinazopakana nazo. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliahidi fidia kwa mazao, mifugo na maisha ya watu, hadi shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama. Lakini fungu lililotengwa halikulingana na ahadi, madai yakarundikana, na familia zikasubiri kwa miaka. Ndiyo maana sipendi mwanasiasa anayekuja Mitwaba kuahidi fidia bila kuonyesha mstari wa bajeti. Ahadi ya namna hiyo humfanya mkulima amchukie tembo maradufu.

Nchi yetu inadaiwa hata zaidi ya mazao. Huko Kivu Kusini, hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Watwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule walifukuzwa bila kupewa ardhi nyingine. Wazee wao walikufa wakiwa vibarua katika mashamba ya watu. Katika uamuzi uliochapishwa mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilisema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao, na kwamba inapaswa kuwarudishia ardhi na kuwalipa fidia. Sheria yetu wenyewe ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu hao wa asili. Fedha za kutekeleza maneno hayo ni fedha za uhifadhi pia, kwa sababu msitu uliopatikana kwa kumfukuza mwenyewe hautalindwa kwa amani, na Kahuzi-Biega imekwisha kuyaona mapigano hayo, na watu wamekufa pande zote mbili.

Sasa nikusaidie kwa yaliyo mikononi mwako. Tembo wakiingia tena, usivune wala kusafisha shamba kabla ya kuandika. Piga picha za nyayo na za mabua yaliyovunjwa, pima kwa hatua sehemu iliyoharibiwa, andika tarehe, na umwombe chifu wa kijiji na jirani mmoja watie saini. Kisha mwombe afisa wa hifadhi aliye karibu aje kuona na aandike PV, yaani hati rasmi, ya ukaguzi, nawe ubaki na nakala. Hati hiyo haitakurudishia mahindi, lakini hati hamsini za kijiji kimoja ni hoja ambayo mbunge wa jimbo hawezi kuipuuza.

Kuhusu kuwazuia, yako mambo mawili yaliyojaribiwa na wakulima wa nchi nyingi za Afrika. La kwanza ni kamba iliyopakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, ikazungushwa shambani; mvua huiosha, kwa hiyo lazima ipakwe upya. La pili ni mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Waya ukiguswa, mizinga yote hutikisika. Watu wa Mitwaba wanaijua asali tangu zamani, na mizinga hiyo ingekupatia kitu cha kuuza hata msimu ambao tembo hawakuja. Kununua mizinga ya kijiji kizima ni gharama ndogo kwa jimbo linalopokea robo ya mrabaha wa shaba.

Na kama msitu ulio nje ya mipaka ya hifadhi bado uko chini ya desturi ya kijiji chenu, wahini kabla mwingine hajawahi. Amri namba 14/018 ya mwezi Agosti mwaka 2014 inairuhusu jamii kupewa msitu wake kama milki ya jamii, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda, mradi jamii iandike mpango wa kuutumia. Kaeni na chifu, tembeeni mipaka pamoja na vijiji jirani ili kusiwe na ugomvi baadaye, chora ramani, andikeni majina ya familia zote, wanawake wakiwemo, kisha maombi yapelekwe kwa gavana wa jimbo kupitia huduma ya misitu ya wilaya. Mkipata hati hiyo, mchoma makala wa kutoka mjini hatakata mti kabla ya kuja kuongea nanyi.